Kayaki ya shemeji yako ilikuwa na maji tumboni

SWALI: Mimi na shemeji yangu tunakaa Tegeta. Tumenunua kayaki mbili za mtumba, zile za plastiki za kukaa juu, urefu kama mita 3.6, na tunavua kutokea Kunduchi. Wiki iliyopita shemeji alipinduka tukiwa karibu kilometa mbili kutoka pwani, upande wa Mbudya, na bahari haikuwa chafu. Kila akijaribu kupanda, kayaki inamgeukia tena. Mwisho ngalawa ilipita ikamchukua. Ufukweni ilibidi watu wanne kubeba kayaki yake, na asubuhi tuliishusha wawili tu. Jaketi alikuwa nalo, ila alilifunga nyuma ya kiti kwa ajili ya joto. Ikitokea tena nimsaidieje? Na tubebe vifaa gani?

JIBU: Poleni sana, na waliokuwa kwenye ngalawa hiyo wana haki ya kushukuriwa hata kwa kitoweo. Lakini tuanze na jambo ulilolitaja kwa kupita: asubuhi wawili, kurudi wanne. Kayaki ya aina hiyo ikiwa tupu ina kilo 25 hadi 35. Ikiwashinda watu wale wale walioishusha, basi tumboni mwake mna maji, na si maji ya kikombe. Lita 40 ni kilo 41 za ziada ambazo huzioni kwa sababu zimefungiwa ndani ya plastiki.

Maji hayo hayatulii. Shemeji akiegemea kulia kurusha mshipi, maji yote yanakimbilia kulia, na kayaki ambayo siku nyingine ingejirudisha yenyewe inazidi kulala. Akiwa majini akavuta ukingo ili apande, maji yanamfuata upande ule ule. Ndiyo maana ilimgeukia kila mara. Mwogeleaji hodari naye angeshindwa, kwa hiyo msimlaumu kwa kukosa nguvu.

Kayaki za mtumba huvuja mahali palepale. Kizibo cha tezi, yaani nyuma ya kayaki, kimelegea au kimesahauliwa. Mpira wa mfuniko wa sanduku la mbele umekauka, au uzi wa mshipi umenaswa chini yake ukaacha njia. Mwenye kayaki wa kwanza alitoboa mashimo ya vishikio vya fimbo akafunga riveti bila silikoni. Na pale panaposahaulika kuliko pote ni matundu ya kutolea maji: kuta zake ni plastiki iliyovutwa kuunganisha sakafu na chini ya kayaki, na mara nyingi ni nyembamba. Kigari cha kubebea kayaki, chenye vyuma viwili vinavyochomekwa humo, kikipita juu ya mawe, hupasua kuta hizo. Ufa wa urefu wa ukucha huwezi kuuona kwa kutazama juu juu, ila ukikaa chini ya usawa wa maji kutwa nzima unaingiza ndoo kadhaa.

Kwa hiyo kayaki hiyo isirudi baharini kabla ya kupimwa. Ilaze juu ya matairi mawili uwani, ifute nje hadi ikauke, mimina ndoo moja ya lita 20 ndani, funga kila kitu, kisha iinamishe taratibu: ubavu huu, ubavu ule, omo (mbele), tezi, mwisho ipindueni kabisa. Panapotoka tone, weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Kama hakuna tone, paka povu la sabuni kuzunguka matundu na riveti, chomeka mpira kwenye tundu la kizibo na upulize kwa mdomo. Povu litacheza penye ufa. Msitumie kompresa ya gereji, inaweza kufungua maungio yaliyokuwa mazima.

Ufa mkipata, msipoteze fedha kwenye gundi. Plastiki hii ni polithini, na gundi za dukani, hata zile za kuchanganya mirija miwili, huonekana zimeshika halafu hubanduka kama gamba. Inachomelewa kwa joto, kwa ujiti wa plastiki ya aina ile ile. Simtanki za maji hutengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo, hivyo mtafuteni fundi anayeziba matangi. Fundi wa faiba hatawasaidia. Baada ya hapo jazeni tumbo la kayaki zote mbili kwa chupa tupu za maji za lita moja na nusu, vifuniko vimekazwa, ndani ya nyavu za vitunguu ili zisitembee. Chupa 30 zinachukua nafasi ya lita 45. Hata kayaki ikipasuka, nafasi ya maji kujaa inapungua.

Mkiwa baharini, dalili za maji tumboni ni hizi: tezi imezama kuliko kawaida, maji yanapanda kupitia matundu na kukaa miguuni, kayaki inachelewa kurudi ukiegemea, kasia linavuta bila mwendo. Kila baada ya nusu saa hivi tikisa kiuno kushoto na kulia, sikiliza. Ukisikia maji yanagonga ndani, uvuvi wa siku hiyo umekwisha. Usifungue mfuniko ukiwa peke yako kwenye mawimbi, maana wimbi moja tu likiingia umejiongezea mzigo. Mwite mwenzako ashike kayaki yako, omo zielekee kwenye mawimbi, ndipo ufungue na kuvuta maji kwa pampu ya mkono.

Sasa jaketi. Jaketi okozi lililofungwa nyuma ya kiti halimsaidii mtu aliye majini; kulivaa ukiwa unaelea, na huku unashika kayaki, ni kazi ngumu hata kwenye bwawa la kuogelea. Joto la Dar es Salaam tunalijua, na dawa yake ni kuchagua jaketi sahihi: la povu, lenye mgongo mfupi au wa wavu ili lisigombane na kiti, makwapa wazi. Lililoandikwa 50 (kipimo cha nguvu ya kuelea, kwa nyutoni) linamtosha mtu anayejua kuogelea na mwenye mwenzake karibu. Asiyejua vizuri achukue 100 au zaidi. Ya kujaza hewa kwa mtungi mdogo siyapendekezi kwa wavuvi: ndoana moja inayatoboa. Ukilivaa na kulikaza, mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, ni kubwa au halijakazwa. Na usijaze mifuko ya kifuani. Filimbi na kisu kifupi vinatosha hapo. Mfuko uliovimba ndio unaokwama kwenye ukingo unapojaribu kupanda.

Akipinduka, kazi ya kwanza ya aliye majini ni kushika kayaki. Asifuate kofia, fimbo wala samaki. Kayaki tupu inasukumwa na upepo haraka kuliko mtu mwenye jaketi anavyoweza kuogelea, na mita tano za mwanzo huwa hazirudi. Kisha ahakikishe hajazungukwa na mshipi, na ajue ndoana ziko wapi. Ndoana za ncha tatu zilizo kwenye chambo bandia ni hatari zaidi katika dakika hizo: zikinasa jaketi na kayaki kwa pamoja, mtu amefungwa. Kata mshipi, usiufungue.

Kuirudisha kayaki iliyolala kifudifudi: fungeni kamba ya mita tatu kwenye kishikio cha ubavu mmoja, na muiache imekunjwa hapo siku zote. Kamba hiyo inatupwa juu ya tumbo la kayaki kwenda upande wa pili. Mtu anashika kamba, anaweka magoti au nyayo kwenye ukingo ulio karibu naye, anajilaza nyuma kwa uzito wote. Upana wa kayaki za kuvulia ni sentimita 75 hadi 90, na wengi hawafiki ng'ambo kwa mkono; kamba ndiyo inayowafikisha.

Kupanda kuna hatua tatu, na kila moja inahitaji kupumua katikati: tumbo, makalio, miguu. Shika ukingo mbele ya kiti, nyoosha mwili nyuma, piga miguu mpaka ielee juu ya maji. Kosa la karibu kila mtu ni kuacha miguu ining'inie chini ya kayaki na kutaka kujivuta kwa mikono kama anayepanda ukuta. Hapo unavuta ukingo mmoja tu, nayo inakugeukia. Miguu ikielea, piga kwa nguvu huku ukiivuta kayaki iingie chini ya kifua chako, mpaka kitovu kiwe juu ya kiti na mikono imefika ukingo wa ng'ambo. Tulia hapo. Jigeuze makalio yaingie kwenye kiti. Tulia tena. Ndipo uingize miguu.

Ukishindwa, tumia kamba ya kukanyagia: kamba ya milimita 10 yenye kitanzi, iliyovalishwa kipande cha mpira wa bustani pale mguu unapokanyaga ili kitanzi kisifumbe. Ifungwe kwenye kishikio cha ubavu wa ng'ambo, ipite juu ya kiti, kitanzi kining'inie kama sentimita 50 chini ya maji upande wa anayepanda. Ikifungwa ubavu ule ule anaopandia, inampindua.

Na wewe uliye kwenye kayaki ya pili? Kwanza kusanya mishipi yako, laza fimbo, funika ndoana. Mwokoaji mwenye fimbo tatu zimesimama na chambo kinaning'inia anakwenda kumjeruhi mwenziwe. Ita kwa sauti: "Shika kayaki! Umeumia?" Jibu lake linakuambia mengi kuhusu hali yake. Akishairudisha kayaki yake, sogea ubavuni mwake, upande ambao yeye hayupo, omo yako ielekee tezi yake ili muonane uso kwa uso. Pitisha makasia yote mawili mapajani mwako, lalia kayaki yake kwa kifua, shika kingo zake zote mbili karibu na kiti. Uzito wako ndio unaoizuia isiinuke upande wako anapopanda upande wake. Zikibanwa hivyo, kayaki mbili huwa jukwaa. Wewe hupinduki maadamu hukuziacha zitengane.

Asiingie katikati ya kayaki mbili hata kwa dakika moja. Wimbi likizigonganisha, vidole na kichwa ndivyo vinavyolipa. Akiwa amechoka, mshike mabegani kwa mikanda ya jaketi umvute atambae kifudifudi mpaka mapajani mwako, haiba baadaye. Mwenye mikono dhaifu na miguu yenye nguvu ajaribu njia nyingine: alale chali kando ya kayaki, aingize kisigino kimoja ndani, ashike ukingo, kisha ajizungushe akivutwa na mguu.

Kwa kayaki yenye maji tumboni kama ya siku ile, usipoteze nguvu kujaribu kuinyanyua. Ibane, apande na akae katikati, mvute maji kwa pampu. Ikiwa imezama kiasi kwamba kiti kiko chini ya maji, iacheni. Mtu alale kifudifudi juu ya tezi ya kayaki yako, kifua chini, miguu imetawanyika majini kama mbawa za ngalawa, asikae wima kamwe. Hivyo unaweza kusogea mita mia chache penye maji tulivu. Kilometa mbili ni nyingi mno. Penye ngalawa na boti kama pale, ita msaada huku mmebaki pamoja. Nami naweka mpaka: majaribio matatu ya kupanda yakishindikana, acheni, piteni kwenye kuita. Nguvu zinazobaki ni za kushikilia na kuelea. Maji yetu ni ya nyuzi 25 hadi 30, hayamshtui mtu kwa baridi, ila saa nzima ndani yake na upepo juu ya kichwa hutetemesha na kulegeza vidole.

Kuvuta kayaki ya mwenzako aliyechoka lakini amekaa: kamba inayoelea, mita 12 hadi 15, unene wa milimita 6 hadi 8, ifungwe kwenye kayaki yako nyuma ya kiti kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Usiifunge mwilini. Ikiwa fupi na mawimbi yanatoka nyuma, omo yake itakugonga mgongoni.

Nanga nayo niitaje, maana watu wengi hupindukia hapo. Nanga ikifungwa ubavuni na mkondo ukakaza, kamba inauvuta ukingo chini na kayaki inalalia upande huo. Ifungwe omo au tezi, iwe na boya dogo na fundo la haraka, ili ukitaka kuondoka uitupe yote na kuirudia.

Sasa bahari yenyewe. Kunduchi inatazama mashariki, na pepo zetu kubwa mbili, kusi na kaskazi, kwa sehemu kubwa ya mchana husukuma kuelekea pwani. Hiyo ni nafuu. Hatari ni alfajiri: umande unavuma kutoka nchi kavu, bahari ni kama kioo, na kama maji yanakupwa, mnabebwa nje huku mkijisifu kwa mwendo. Ikifika saa nne au saa tano asubuhi upepo wa baharini unaamka, unakutana na maji yanayotoka, na mawimbi yanasimama mafupi na makali. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa inazidi mita 3, na nusu yake hutembea katika saa mbili za katikati. Wanaojifunza wachague maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, na watoke ili kurudi kwao kuangukie maji yanayojaa. Juni hadi Agosti kusi likiwa kali, siku nyingi si za kayaki nje ya miamba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitahadharisha upepo unaozidi kilometa 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2, inasema na mashua na majahazi. Mpaka wenu uwe upepo wa kilometa 20 kwa saa. Huhitaji kipimo: povu jeupe likianza kuonekana kila upande, geuzeni.

Na kwa kuwa umetaja Mbudya: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, hakuvuliwi hapo. Leseni na mipaka waulizeni ofisi ya uvuvi ya manispaa na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, pale Kunduchi. Waambieni pia mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi. Wavuvi wa ngalawa wakijua nyuso zenu, wanawatafuta kabla mtu mwingine hajajua mmepotea.

Kurudi ufukweni, laza fimbo na ufungue kila kamba iliyokuunganisha na kayaki. Subiri nje ya mawimbi yanayovunjika, hesabu makubwa yapite, ingia ukifuata mgongo wa wimbi. Ukianguka, baki upande wa bahari. Kayaki ikiwa kati yako na wimbi, itakupanda.

Kuita msaada: simu ndani ya mfuko usioingia maji, uliofungwa kwenye jaketi, ikibaki kwenye sanduku la kayaki, kayaki itaondoka nayo. Namba ni 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16, inasikika na meli na boti zilizo karibu, na hiyo ndiyo faida yake juu ya simu. Kwa mtu wa mbali, nyoosha mikono yote miwili pembeni, uipandishe na kuishusha polepole, mara nyingi; mkono mmoja unaopungwa haraka huonekana kama salamu. Bendera ya rangi ya chungwa juu ya mti wa mita moja na nusu inawasaidia pia manahodha wa boti ziendazo kasi, maana kayaki kati ya mawimbi haionekani.

Kama fedha inatoka kidogo kidogo, nunueni kwa mpangilio huu: majaketi mawili, chupa na uchomeleaji, kamba tatu nilizozitaja, pampu, kisu na filimbi, mfuko wa simu, tochi ya kichwa, kisha redio. Kipima kina cha kutafutia samaki kije baada ya hapo. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu. Kasia lifungwe kwa uzi wake, ila mwili usifungwe kwenye kayaki.

Jifunzeni pale pale Kunduchi, maji ya kifuani, kayaki ikiwa na mzigo wake wote isipokuwa ndoana. Pindukeni kwa makusudi, kila mmoja mara tano kila upande, halafu rudieni pasipofika miguu, halafu siku yenye upepo kidogo. Asiyeweza kurudi kwenye kiti ndani ya dakika mbili, abaki kwenye maji ambayo anaweza kuogelea hadi pwani. Badilishaneni nafasi ya mwokoaji, kwani siku ya pili unaweza kupinduka wewe.

Mkimtoa mtu majini hapumui, anzeni kwa kumpulizia pumzi mdomoni, kisha kandamizeni kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kusimama hadi msaada ufike. Msimning'inize kichwa chini kutoa maji. Aliyemeza maji akaonekana mzima apelekwe hospitali akianza kukohoa sana au kuhema kwa shida, hata saa kadhaa baadaye. Na shemeji, kama tangu siku ile bado anakohoa au kifua kinambana, aende leo.